Kifo Kinafundishwa kwa Simu: Sisi wa Vijijini Tuna Kazi Gani?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

   

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze nanyi alifikiri nitaleta tena habari za kuku au za kuweka vitabu vya hesabu. Nilipomwambia nataka kuzungumza juu ya kufa, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa dada, si utawafukuza watu?" Naona hamjafukuzika. Basi tuanze.

Siku hizi kuna vyuo vikuu vinavyofundisha somo la kifo. Sisemi somo la kupasua maiti kama wanavyofanya madaktari. Ni somo la kufa kwenyewe: mtu anayekufa anapitia nini, anahitaji nini, aambiwe ukweli na nani, familia imfanyie nini, na waliobaki waomboleze namna gani. Wauguzi wanalisoma, na wanafunzi wa ustawi wa jamii, na wa dini pia. Na sehemu kubwa ya somo hili inafundishwa kwa mtandao. Mwalimu yuko mji mwingine, pengine nchi nyingine, na mwanafunzi amekaa kitandani kwake hosteli, simu iko mkononi, anasomeshwa namna watu wanavyokufa.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachofikiri, mzee. Kufa kunafundishwa kwa simu! Sisi tulijifunza kwa kumkalia bibi usiku kucha, taa ya mafuta ikiwaka. Hebu ngoja kwanza. Nimekuja kuzungumza jambo hili nanyi, wala sikulipeleka kwa maprofesa, kwa sababu wanafunzi hao ni watoto wenu, na wagonjwa watakaohudumiwa nao ni ninyi na mimi.

Somo hili si la jana. Huko Marekani, mwaka 1963, Robert Fulton, mtaalamu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza kufundisha somo la kifo kama masomo mengine. Lakini ile habari ninayopenda kuwaeleza ni ya Chicago. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa dini walimwendea daktari mmoja mwanamke, Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi. Walitaka kuandika juu ya shida kubwa za maisha ya binadamu, na waliona hakuna shida kubwa kuliko kufa. Sasa utajifunzaje kufa? Huwezi kufa kwanza ndipo uje uandike. Yule daktari akawaambia kwamba njia iliyopo ni kuwauliza wale wanaokufa.

Akaanza kuzunguka hospitalini akitafuta mgonjwa wa namna hiyo. Madaktari wenzake wengi walimkatalia. Wengine walikana hata kuwa na mgonjwa anayekufa katika wadi zao. Hospitali kubwa nzima, hakuna anayekufa! Ninyi mnaocheka, je, nyumbani kwenu ni nani anasema wazi kwamba baba anakufa? Mwishowe akawapata wagonjwa waliokubali. Mgonjwa alikaa na daktari wakazungumza, na wanafunzi walikuwa nyuma ya kioo ambacho aliye nyuma yake anaona bila kuonekana. Kutokana na mazungumzo hayo aliandika kitabu mwaka 1969, ambacho hadi leo hakikosekani katika somo hili.

Tafadhali shikeni jambo moja katika habari hiyo, maana nitalirudia. Mwalimu alikuwa mgonjwa. Daktari alipanga viti tu. Kile kiti cha mbele, ambacho kwa kawaida hukaliwa na profesa, alikalia mtu anayekufa.

Wakati huohuo London kulikuwa na mwanamke mwingine, Cicely Saunders. Huyu mimi najivunia, maana alianza kama muuguzi, mgongo ukamsumbua, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii kama mimi, na baadaye akasoma tena akawa daktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza watu wenye magonjwa yasiyopona. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili peke yake. Kuna maumivu ya mawazo na hofu. Kuna maumivu ya jamaa na mali: nani atalipa karo, shamba litagawanywa vipi, mbona mwanangu wa Nairobi haji. Na kuna maumivu ya roho, mtu anajiuliza maisha yake yalikuwa na maana gani na kama Mungu amemsamehe. Ukimpa dawa ya mwili na kuyaacha hayo mengine, atalia tu. Watunzaji wa wagonjwa mlio hapa mnalijua jambo hilo bila kusoma popote.

Elimu hiyo ilifika kwetu pia. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na mmoja wa waliofanya kazi pale mwanzoni alikuwa Dakta Anne Merriman, ambaye mwaka 1993 alivuka mpaka akaanzisha Hospice Africa Uganda. Yeye ndiye aliyeeneza ile mofini ya maji, ya kunywa. Unga wa dawa unachanganywa na maji, unatiwa kwenye chupa, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake bila sindano. Ni dawa ya bei ndogo sana.

Lakini dawa bila mtu wa kuiandika ni bure. Vijijini daktari hayuko. Kwa hiyo mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria: wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea hasa huduma hii wakaruhusiwa kuandika mofini. Hapo ndipo mnaona somo la kufa si la kupitisha wakati. Aliyesoma anaweza kumwondolea mtu maumivu usiku wa leo, na asiyesoma, sheria inamkataza. Na muuguzi wa kijijini hawezi kuacha zahanati mwaka mzima aende kukaa darasani mjini. Nani atabaki na wagonjwa? Ndiyo sababu masomo ya mbali yalianza mapema katika kazi hii, kwanza kwa vitabu na karatasi za posta, baadaye kwa kompyuta, na sasa kwa simu. Kuna na mpango mwingine uliotoka Marekani, jimbo la New Mexico, ambako daktari wa maini, Sanjeev Arora, alianza mwaka 2003 kukutana kwa picha za mtandaoni na wahudumu wa vijijini. Mhudumu analeta habari za mgonjwa wake bila kumtaja jina, wataalamu na wenzake wanashauriana, na wote wanajifunza. Njia hiyo imetumika hapa Afrika pia kufundisha huduma ya wagonjwa wasiopona. Kwa Kiswahili wengine huiita huduma shufaa. Mkisikia neno hilo kwenye redio, ndiyo hii.

Halafu ukaja mwaka 2020. Korona iliingia Kenya mwezi wa Machi, vyuo vikafungwa, na masomo mengi yakahamia kwenye simu, kifo pamoja na mengine. Na sisi wenyewe tukajifunza kwa nguvu. Mnakumbuka mazishi ya watu kumi na watano? Mnakumbuka mwili unateremshwa kaburini na mtoto wa marehemu yuko Saudia, amezuiwa kusafiri, anaangalia kwa simu iliyoshikwa juu na kijana wa jirani? Kwa hiyo tusiseme sana kwamba kifo na simu havipatani. Tulivipatanisha sisi wenyewe, pale kaburini, tukilia.

Sasa mniulize, je, masomo haya ya mtandao yanafaa? Mimi husimamia wanafunzi wanaokuja mazoezini, nimewaona wa zamani na wa sasa, na maoni yangu si ya upande mmoja.

Kuna mambo yanayofundishwa vizuri sana kwa mtandao, hata kuliko darasani. Huko Australia, Chuo Kikuu cha Flinders kilifungua mwaka 2016 somo la bure la mtandaoni juu ya kifo, kwa mtu yeyote, si kwa wanafunzi wake tu, na zaidi ya watu 1,000 walijiandikisha. Moja ya kazi walizopewa ilikuwa kukusanya maneno ambayo watu hutumia kukwepa kusema "kufa". Nilipoisikia kazi hiyo nilipenda, na nimewahi kuwapa wanafunzi wangu waifanye kwa Kiswahili. Haya, tuifanye hapa. Ameaga dunia. Ametutoka. Amelala. Amepumzika. Ameitwa. Amefariki. Hatunaye tena. Vijana wana yao, amekata kamba, lakini hilo hutalisema mbele ya mjane. Maneno hayo ni mazuri, yana heshima, na mimi nayatumia. Shida ni pale tunapoyatumia kwa mtu aliye hai. Daktari anasema, "Mpelekeni nyumbani akapumzike," na familia inaelewa kwamba mgonjwa amechoka na safari, akilala atapata nguvu. Kumbe daktari amesema baba yenu anakufa. Nimeliona hilo mara nyingi. Watu wanauza shamba kutafuta hospitali nyingine, kwa sababu ya neno moja la adabu.

Mwanafunzi aliyezoea kuandika maneno haya kwenye somo lake, akayasoma ya wenzake wa makabila mengine, anajua kuuliza, "Daktari amewaambia nini? Ninyi mmeelewa nini?" Na kwa kuandika, hata yule mwenye haya anasema. Darasani wanasema watatu wale wenye midomo. Kwenye mtandao msichana mnyamavu huandika kurasa mbili juu ya kifo cha nyanya yake, jambo ambalo asingelitamka mbele za watu.

Lakini kuna hatari. Mwanafunzi huyo huyo, baada ya kuandika, anafunga simu na kubaki peke yake saa tano ya usiku. Pengine alimzika mama yake juzi. Darasani mwalimu anaona machozi, anaona mtu ametoka nje, anamtuma mwenzake amfuate. Kwa mtandao mwalimu anaona kijisanduku cheusi chenye jina. Walimu wenye busara wanalijua hili. Wanatangaza mapema kwamba wiki ijayo tutazungumza juu ya kifo cha mtoto, aliyefiwa karibuni aniambie, anaweza kufanya kazi nyingine. Na asiyeonekana wanampigia simu. Si wote wanafanya hivyo. Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akiwa nyumbani na simu yake, muulize anasoma nini wiki hii. Ukisikia ni somo la kufa, usimwambie anajiletea mkosi. Mwekee chai, mkae.

Hatari ya pili nitawaeleza kwa mfano. Kulikuwa na msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, niliyepewa nimsimamie. Alikuwa amemaliza somo la kifo kwa simu na alikuwa amepata alama nzuri sana. Nikaenda naye kwa mzee mmoja aliyekuwa na saratani ya koo. Sitataja kijiji. Yule mzee alikuwa mkali. Alimsukuma mtoaji wa uji, alitukana, aligeukia ukuta. Tulipotoka nje msichana akanieleza kwa furaha, "Mama, yuko kwenye hatua ya hasira." Maana kile kitabu cha Kübler-Ross kinataja hatua tano ambazo mtu hupitia: kukataa, hasira, kutafuta mapatano na Mungu, huzuni, na kukubali. Kwenye mtandao zinachorwa vizuri, kwa rangi, kama ngazi. Wataalamu wengi wamesema baadaye kwamba si ngazi, watu hawazipandi kwa mpangilio huo, na wengine hawazipiti zote. Lakini picha ya ngazi inakaa kichwani.

Nikamwambia arudi ndani, akae chini, amuulize mzee amekasirika kwa nini. Alikaa karibu saa nzima, kwa sababu sauti ya mzee ilikuwa imekwisha, alikuwa akinong'ona neno moja moja. Na jibu lilikuwa hili: walimuuza ng'ombe wake. Wanawe waliuza ng'ombe walipe hospitali, na hakuna aliyemwuliza. "Bado sijafa," alisema, "na wameanza kunirithi." Basi. Hiyo haikuwa hatua ya kitabu chochote. Alikuwa mwanamume mwenye boma, ameruka kutoka mwenye mali hadi kuwa mzigo, bila kuulizwa. Wana wakaitwa, wakakaa kando ya kitanda, mkubwa akaomba radhi kwa adabu, na mzee akapanga mwenyewe ng'ombe waliobaki waende kwa nani. Ukali ulipungua sana. Haukwisha, alikuwa mkali tangu ujana, mkewe alituambia.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa habari hiyo hiyo, ili msifikiri nakuja kudharau masomo. Katika nyumba ile kulikuwa na chupa ya mofini imewekwa juu ya kabati, imejaa. Walikuwa wameacha kumpa. Kwa nini? Tumbo lilifunga, mzee alikaa siku nyingi bila choo, akaumwa tumbo kuliko koo, wakasema dawa hii inamwua. Na jirani mmoja alikuwa amewaambia mofini ni dawa ya kumaliza mtu. Mimi nilikuwa naitazama familia, sikuitazama chupa. Yule msichana ndiye aliyeuliza, bila aibu, "Mzee anaenda choo?" Alikuwa amejifunza kwenye simu yake kwamba mofini hufunga tumbo karibu kwa kila mtu, na kwamba anayeandikiwa mofini huandikiwa na dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Alijua pia kwamba mofini ikitolewa kwa kipimo chake, kwa saa zake, haimwui mgonjwa. Inamwezesha kulala, kula kidogo na kuzungumza. Tulimpigia muuguzi, akaja kwa bodaboda, akapanga dawa upya. Mzee aliishi wiki kadhaa baada ya hapo. Na ni katika wiki hizo ndipo yale ya ng'ombe yalipozungumzwa, maana mtu mwenye maumivu makali hawezi kupanga urithi.

Unaona basi. Simu ilikuwa na jambo ambalo kijiji kizima hakikuwa nalo. Na kitanda cha mzee kilikuwa na jambo ambalo simu haikuwa nalo. Turudi sasa kwa kile kiti cha Chicago. Somo lilianza mgonjwa akiwa mwalimu. Tukilipeleka lote kwenye mtandao, kiti hicho kinabaki wazi, na kinajazwa na michoro. Chuo hakiwezi kumleta mgonjwa kwenye simu, na hata kikiweza si vizuri. Wagonjwa wako kwenu. Ni ninyi mnaoweza kukaribisha mwanafunzi ajifunze palipo na anayefundisha kweli.

Pengine mtasema sisi ni maskini, kikundi chetu ni cha kununua mabati na kuzikana. Nitawapa mfano wa watu wasiokuwa matajiri. Huko India, jimbo la Kerala, mwaka 1993 madaktari wachache wa mji wa Calicut walianzisha kliniki ya kutuliza maumivu. Wakaona hawatoshi. Hapo vijiji vikaingia: majirani wakajiunga kwa vikundi, wakichanga fedha kidogo kidogo, na mtu yeyote mwenye saa mbili kwa wiki za kumtembelea mgonjwa akapewa mafunzo, saa 16 za darasa na siku nne za kwenda kwa wagonjwa na mwenye ujuzi. Mnaona uwiano huo? Hawakuacha mtu afunzwe kwa maneno tu. Wanafunzi wa vyuo wakajiunga pia, wakawa na vikundi vyao vya kutembelea wagonjwa na kukusanya michango. Na mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaitungia huduma hiyo sera. Serikali ilifuata, wanavijiji walitangulia.

Sasa nataka tuangalie katiba zetu, na hapa ndipo nilipokusudia kufika. Nimesoma katiba za vikundi vingi vya eneo hili. Karibu zote zina kifungu cha msiba. Mwanachama akifiwa, kila mtu atatoa kiasi fulani, masufuria ya kikundi yatatumika, hema na viti vitapelekwa. Hakuna hata senti moja ya kutumika kabla mtu hajakata roho. Mgonjwa akiishi miezi sita amelala, familia inakopa nauli, inakopa sabuni, inakopa nepi za watu wazima, na mtunzaji, ambaye mara nyingi ni binti aliyeacha kazi au mke ambaye ni mgonjwa pia, hapati hata siku moja ya kulala. Siku anapokufa ndipo tunafika na lori. Tunachinja. Tunakodi vipaza sauti. Marehemu hakusikia hata wimbo mmoja wa ile kwaya tuliyoilipia.

Sisemi tuache mazishi ya heshima. Nitakuwa mwongo, na nyinyi hamtanisikiliza. Nasema kifungu kimoja kiongezwe: kwamba sehemu ya mfuko wa msiba iweze kutumika mwanachama au mzazi wake akiwa hai, baada ya muuguzi kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo wa kupona. Kiasi gani, ninyi ndio mtakaopanga. Naomba tu mweka hazina asiambiwe atoe kwa huruma zake mwenyewe. Iandikwe, isije ikawa wenye ndugu wengi ndio wanapata.

Jambo la mafunzo nalo. Kila kikundi kichague watu wawili, ikiwezekana mmoja awe yule mhamasishaji wa afya ya jamii, maana hao wamekwisha kupewa simu za kazi tangu mwaka 2023. Hao wawili wafuatilie masomo ya mtandaoni ya kutunza wagonjwa, kikundi kilipe bando. Lakini wasisome peke yao chumbani. Wakimaliza sehemu moja, waje waeleze kikundi kwa lugha ya nyumbani, na kikundi kiulize maswali. Ulizeni pia hospitali ya kaunti yenu kama ina kitengo cha huduma shufaa. Nyingine zinacho na watu hawajui, wanapita mlangoni kila siku.

Na wanafunzi. Tukikubaliana, mwanafunzi atakuja kwenu kwa wiki sita, baada ya kumaliza masomo yake ya simu. Nimekwisha ulizwa na mama mmoja wakati wa chai, "Je, huyo mtoto wa watu atakuja kumpiga picha mgonjwa wangu aweke kwenye simu?" Hapana. Sharti la kwanza ni kwamba mgonjwa mwenyewe aulizwe, si mumewe wala mwenyekiti, na akisema hapana leo, ni hapana. Picha hakuna. Jina la mgonjwa halitaandikwa katika kazi ya mwanafunzi. Mwanafunzi akifika atataja jina lake, atanawa mikono, atakaa chini, hatasimama juu ya mtu aliyelala kama askari. Hatahubiri asipoombwa, kama mgonjwa ni Mkatoliki na anataka Mpako, ataitwa padri, na kama ni Mwislamu ataitwa imamu wake. Hatasema habari za ugonjwa ambazo mgonjwa hajaambiwa na daktari. Na hatapewa kazi ya kusimamia wosia, hata mkimwona amesoma namna gani.

Ninyi nanyi mna sharti moja. Msimfiche. Nawajua. Mgeni akija tunamkalisha sebuleni na soda, na mgonjwa yuko chumba cha nyuma mlango umefungwa. Mwanafunzi akipewa soda wiki sita atarudi chuoni na kile kile alichokuja nacho.

Swali la wazee nililiona tangu mwanzo, nalo ni la haki: kuzungumza juu ya kifo si kukiita? Mimi nimekaa na wagonjwa wengi wanaokufa, na karibu wote walikuwa wanajua kabla hatujawaambia. Mtu anaona mwili wake. Anachongojea ni mmoja wetu apate ujasiri wa kukaa. Wengine walininyamazia siku nyingi, na siku nilipouliza tu, "Mama, wewe unafikiri ugonjwa huu unaelekea wapi?", maneno yalitoka kama maji. Tena mengi hayakuwa ya kuogofya. Mmoja alitaka kujua nani atamlea paka.

Naona akina mama wa jikoni wananiangalia, chakula kinapoa. Mwandishi amekaa pale mlangoni na daftari. Vikundi vilivyo tayari kupokea mwanafunzi viandike jina la kikundi na la mtu mmoja wa kupigiwa simu. Vile ambavyo vinataka kwanza kujadili kile kifungu cha msiba, andikeni tarehe ya mkutano wenu, nami nitakuja na nakala ya maneno ya kifungu ili myarekebishe mpendavyo. Mzee uliyetikisa kichwa, wewe naomba tukae meza moja. Nataka unieleze vile ulivyomkalia bibi yako usiku ule wa taa ya mafuta, na kama utakubali, nataka kijana mmoja wa chuo aje akusikilize.